Ungeniita

Behewa la pili, tarehe 9 Februari

Dada yangu,

Barua yako nimeipokea mkononi mwa gadi wa treni ya mizigo, naye alipewa na dereva, na dereva alipewa na yule mkata tiketi wa kwenu anayekuletea kila mwezi miwani yake aliyoikalia. Imefika haijafunguliwa, ina alama ya chai tu. Nilishakwambia watu wa reli ni waaminifu. Simu yangu unajua ilivyo: treni ikiingia milimani inakata, na wewe kwenye simu unasema "sijambo" hata ukiwa unawaka homa.

Kwa hiyo ni saratani. Nimelisoma neno hilo nikiwa nimekaa juu ya furushi la shuka chafu, huku abiria wa chumba cha nne anabisha akitaka mto wa pili. Nilimpelekea mito mitatu, akabaki kunitazama.

Umesema nisilie, basi sijalia sana. Lakini nina ombi moja, na hili usinikatalie. Nimemwandikia shemeji. Nimemwambia usiku awe anakuita kama tulivyokuwa tukiitana utotoni: "Upo?" Nawe uitike, "Nipo." Kila akigeuka kitandani, akuite. Sababu unaijua. Mimi ndiye niliyelala kitanda kimoja na mama siku ile. Niliamka, nikavaa sare zangu za shule, nikafunga mlango taratibu nisimwamshe kwa sababu niliona amechoka, kumbe alikuwa ameshatutoka. Nilikuwa mtoto, lakini mpaka leo kitasa cha mlango kikiwa cha baridi nakumbuka.

Siwezi kuja mpaka mkataba uishe, na njia yangu haipiti kwenu. Nipe hili basi. Kazi yangu huku ni kuamsha watu. Nagonga mlango kwa ufunguo kabla ya kituo chao, na siondoki hapo mpaka nimsikie mtu akiitika. Wewe nitakuamsha kwa mdomo wa shemeji.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani, tarehe 27 Februari

Kitinda,

Mito mitatu kwa mtu mmoja? Watakufukuza kazi kabla mkataba haujaisha, halafu uje kunilalia mimi hapa.

Shemeji yako ameishika kazi yako kwa mikono miwili. Unamjua huyo fundi friji: ukimwambia kaza skrubu, anakaza mpaka inakatika. Ananiita akigeuka, akikohoa, akienda msalani na akirudi. "Upo?" "Nipo." Nikichelewa kidogo ananishika kidole gumba cha mguu, kama anayeangalia kama samaki ameshaganda. Usiwe na wasiwasi. Naitika, halafu nalala tena fofofo.

Dawa ya dripu naipata kila baada ya wiki tatu. Ikishanitapisha vya kutosha nanyanyuka naenda kazini. Mwenye duka alitaka nikae nyumbani, nikamwambia saratani iko kwenye titi, haiko kwenye vidole. Bado nasaga lenzi mwenyewe na kuziingiza kwenye fremu mwenyewe. Juzi nilimvalisha mwalimu mmoja mstaafu miwani yake mpya, akatazama nje ya dirisha akasema, "Kumbe ule mti una majani." Nikarudi nyumbani naimba. Kitinda, wakininyang'anya kila kitu wakaniachia ile meza yangu pale dirishani, mimi sina neno.

Dada yako


Behewa la pili, tarehe 20 Machi

Dada,

Shemeji ameniandikia. Anasema hajamaliza hata kufunga mdomo umeshaitika. Usiku kucha ni hivyo, hakuna mara hata moja uliyomchelewesha. Nimewasomea wenzangu kwenye behewa la chakula, mpishi akasema huyo si mgonjwa, huyo ni askari wa zamu.

Nimefurahi mno. Mtu aliyezidiwa huitwa mara tatu ndipo afumbue jicho. Wewe unaitika kabla hujaitwa. Sasa hata mimi nikimaliza zamu nalala, maana najua kule nyumbani kuna mtu anasema "Nipo" kwa niaba yangu.

Endelea hivyo hivyo.

Kitinda


Nyumbani, tarehe 18 Aprili

Kitinda,

Nimeharibu kazi. Ilikuwa miwani ya dereva wa lori, nikaweka lenzi ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Mtu aliyeanza kusaga lenzi kabla wewe hujaota meno ya utu uzima. Alirudi ameshika ukuta, anasema barabara inampandia usoni. Kabla ya huyo kulikuwa na mama mmoja niliyempasulia kioo mbele ya macho yake, na kabla ya huyo kuna fremu niliyoiyeyusha kwa kusahau kuitoa kwenye mchanga wa moto tunaoilainishia.

Mwenye duka hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alifunika mashine yangu kwa kitambaa akaniambia nipumzike mpaka nipone. Watu wanasema ni dawa zinanichosha. Na mimi nasema ni dawa.

Kliniki daktari aliniuliza kama kuna jambo lingine linalonisumbua. Shemeji yako alikuwa kando, kofia magotini, macho yake mekundu kwa uchovu. Nikasema hakuna. Zimamoto akija kuzima nyumba inayoungua, utamwambia na bomba la jikoni linavuja?

Hebu nikuulize, nataka kujua tu. Wale abiria wako wasiopata usingizi, huwa wanafanya nini?

Dada yako


Behewa la pili, tarehe 6 Mei

Dada,

Kazi ipo, utairudia. Mwenye duka ana moyo mzuri, usimnunie.

Hao abiria uliowauliza, nakuambia ukweli, wengi ni wale walioshinda wamelala mchana. Treni ikiondoka asubuhi wanavuta shuka mpaka kidevuni, usiku ukiingia wanazurura kwenye ujia wakiniomba maji, karata, mazungumzo. Kwa hiyo nimeshamwandikia shemeji: mchana asikuache ulale. Akukalishe, akupe kazi ya mikono, akikuona unasinzia akuguse bega. Na usiku asilegeze, tena aongeze kukuita, maana hao wanaosinzia mchana ndio wanaoniogopesha. Mama naye, siku moja kabla, alisinzia mchana.

Najua unanicheka. Cheka, lakini itika.

Kitinda


Nyumbani, tarehe 11 Juni

Shemeji,

Mimi si mtu wa kalamu, unanisamehe. Mke wangu hajui kama nakuandikia. Yuko uani anamenya viazi, nimempa mimi kama ulivyoagiza, na kisu kimemwanguka mara mbili.

Shemeji, dada yako halali. Tangu mwezi wa pili halali. Anaitika upesi kwa sababu yuko macho ananingoja nimwite. Amenificha mimi na amekuficha wewe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, basi huku tulikuwa tunaelekea kwenye kilio.

Nimejuaje? Wiki iliyopita kliniki palikuwa na foleni ndefu. Akalala pale pale kwenye benchi, kichwa begani kwa mzee asiyemjua, anakoroma. Muuguzi akaja akamwita jina. Mke wangu akasema, macho kayafumba, "Nipo, nipo, nipo." Watu wakacheka. Muuguzi hakucheka. Akamchukua ndani peke yake, mimi nikaachwa nje na kofia yangu.

Alipotoka kuniita mimi, nilisemwa, shemeji. Alinisema kwa upole, lakini nilisemwa. Akaniambia wagonjwa wengi wa saratani wananyimwa usingizi na maumivu, na jasho la usiku, na mawazo, na hawasemi kwa sababu wanaona ni jambo dogo mbele ya jambo kubwa. Akasema si dogo. Asiyelala maumivu yake huongezeka, chakula hakimwingii, anapoteza hata kazi anayoipenda. Kumbe hata vile vidonge vyeupe vya kuzuia kutapika tulikuwa tunampa jioni, na vikimezwa jioni vinafukuza usingizi. Hayo yote wamerekebisha. Akaniuliza, na huyu anayemwita usiku kucha ni nani? Nikasema ni mimi.

Sasa tatizo ni hili. Nimetaka kuacha, yeye amekataa. Nikinyamaza ananiuliza mwenyewe, "Mbona huniiti? Kitinda akijua atavunjika." Anasema ulivyofunga ule mlango ukiwa mdogo, hakuna aliyekufungulia tangu hapo, na kama kuitika kunakupa usingizi wewe, yeye ataitika. Mimi ni fundi, sijui kusema maneno mazuri. Mruhusu dada yako alale.

Shemeji yako


Behewa la pili, tarehe 19 Julai

Dada,

Barua ya shemeji nilikaa nayo mwezi mzima mfukoni mwa koti la kazi. Nisiseme uongo. Mwanzo nilikasirika, nikaona mmenifanya mjinga nyote wawili, mimi nawasomea watu barua zenu nikijisifu. Halafu nikaogopa kuijibu, kwa sababu nikiijibu itabidi niseme acheni kumwita, na mdomo wangu ulikuwa haujui kusema hivyo. Kwa hiyo kuna mwezi mwingine hukulala, na huo nimekunyima nikiwa najua. Huo ndio unaonitesa kuliko ile mingine yote.

Juzi nilimgongea abiria mmoja, mama mtu mzima. Aliitika, nikaondoka. Kumbe nilikosea chumba, kituo chake kilikuwa bado mbali. Alitoka ujiani akaniambia bila hasira, "Mwanangu, ulikuwa ndio usingizi wangu wa kwanza tangu nizike." Nilimshika mkono nikamrudisha kitandani, nikamfunika, nikasimama mlangoni nimzuie kila mtu asipite kwa kelele. Hapo nikakuona wewe.

Ile meza yako ya dirishani hukunyang'anywa na saratani, Dada. Ni mimi. Nisamehe.

Lala. Sitakuita tena, wala shemeji asikuite. Usiku ni wako na mchana ni wako. Nikiogopa, nitaogopa huku huku.

Kitinda


Nyumbani, tarehe 16 Agosti

Kitinda wangu,

Nimelala. Sijui niandike nini kingine. Siku ile barua yako ilipokuja shemeji yako aliisoma kwa sauti, nami nilijilaza kumsikiliza vizuri, na mwisho wake sikuusikia. Nilipoamka nilimkuta amekaa mlangoni kama mbwa wa tajiri, anawafukuza kuku wa jirani kwa ishara ya mikono.

Wiki tatu hizi nimeishi. Chakula kina ladha. Nimegombana na mume wangu ugomvi wa afya kabisa, juu ya friji za watu alizozijaza sebuleni. Na mwenye duka ameondoa kile kitambaa. Naenda asubuhi tu, nafanya kazi ndogo, lakini lenzi ya kulia inakaa kulia.

Usijitese peke yako. Mimi nilikuandikia "nalala fofofo" wakati nahesabu mbao za dari. Ningekwambia kweli tangu mwezi wa pili, ungekataa? Ungelia, halafu ungekubali. Nilidhani nakulinda, kumbe nimekufanya unitese bila kujua. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wetu huyu tumemlea wawili.

Sasa nikwambie lingine bila kuficha, nimeshakoma. Imefika kwenye ini. Daktari amesema dripu zilizobaki ni za kunipunguzia maumivu, si za kuniponya. Nililia, shemeji yako akalia zaidi, nikaanza kumbembeleza yeye. Usingizi nimeupata, Kitinda, lakini siku zenyewe si nyingi tena.

Nataka kitu kimoja tu. Herufi zako siku hizi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Unasogeza karatasi mbali, usinidanganye. Umeshafika umri wa miwani ya kusomea, na hakuna fundi mwingine atakayekutengenezea nikiwa hai. Fremu nimeshaichagua, ya kahawia. Nguvu ya lenzi naijua. Kilichobaki ni kipimo cha mboni kwa mboni, na hicho hakipimwi kwa barua. Lazima ukae mbele yangu unitazame, na mimi nikutazame, na rula yangu katikati. Ndiyo kazi ya mwisho ninayotaka kuifanya kwa mikono yangu.

Tafuta njia. Hata saa moja yatosha. Nakungoja.

Dada yako


Kando ya kitanda chako, tarehe 12 Septemba

Dada,

Nimekuja. Nimebadilishana zamu na mwenzangu wa njia ya huku, treni yetu imesimama kubadilishwa injini, nikakimbia na sare zangu. Shemeji yuko kazini, jirani ndiye aliyenifungulia.

Nimekukuta umelala. Ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo. Sijawahi kukuona hivyo, maana utotoni wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Umekonda, lakini paji la uso limekunjuka.

Nimekaa kwenye kigoda muda wote nilionao. Neno lilinifika mdomoni mara nyingi. "Upo?" Nikaling'ata. Niliona kifua chako kinapanda na kushuka, nikajiambia, leo mjinga amesoma. Nimekunyima usingizi miezi mitano, nisikuibie na huu. Ungeniona ungejivunia mimi.

Miwani itangoja. Nitaomba zamu nyingine mwezi ujao, wameniambia huenda ikawezekana.

Nafunga mlango taratibu.

Kitinda


Nyumbani, tarehe 15 Septemba

Kitinda,

Ungeniita.

Honi ya treni yenu ndiyo iliyoniamsha. Karatasi ilikuwa kifuani kwangu, na kigoda bado kina joto, nilikishika. Nilitoka mpaka kwenye mlango wa uani na khanga moja, jirani akanirudisha.

Rula ilikuwa chini ya mto. Tangu nilipokuandikia nilikuwa nalala nayo, kwa sababu nilijua utakuja ghafla, wewe hujawahi kuja kwa taarifa. Nilimwambia shemeji yako, akija hata nikiwa nakata roho niamsheni. Jirani sikumwambia. Nilidhani huhitaji kuambiwa, kwamba wewe ndiye mtu mmoja duniani asiyeweza kunipita nikiwa nimelala bila kuniita. Nililalamika unaniita, sasa nalalamika hukuniita. Jicheke na unicheke.

Silaumu. Nimeisoma karatasi yako mara nyingi, na kila nikifika kwenye "leo mjinga amesoma" nashindwa kukukasirikia. Lakini ningeutoa usingizi wote wa wiki hizi kwa ile saa moja, na hilo lazima nikwambie, kwa sababu tulikubaliana hatufichani tena.

Mwezi ujao ni mbali. Mkono umeanza kutetemeka, na safari hii si kwa kukosa usingizi. Kwa hiyo nimefanya jambo ambalo fundi hafanyi. Watu wote husema mimi na wewe tumefanana macho. Nimesimama mbele ya kioo na rula, nikapima mboni zangu mwenyewe, nikakata lenzi zako kwa kipimo hicho. Mwenye duka aliniona, akanisogezea taa.

Miwani hii hapa, nimeifunga kwenye soksi ya shemeji yako. Imefuliwa.

Dada yako


Behewa la pili, tarehe 30 Novemba

Shemeji,

Natumai umeanza kula. Siku ya mazishi niliona jirani anakuletea sahani na kuiondoa ilivyo. Nakushukuru kwa ulivyonisimulia, kwamba alikwenda mchana, akiwa macho, mkono wako ameushika yeye. Nilikuwa na hofu ya kuuliza, nawe ukasema bila kuulizwa.

Nikuandikie habari ya miwani, maana siku ile sikuweza. Naivaa kila siku. Majina ya abiria nayasoma bila kunyoosha mkono. Lakini inavuta kidogo, nikisoma kwa muda mrefu mistari inalegea pembeni na kichwa kinaniuma. Nikaenda kwa fundi mmoja huku, kijana mpole. Akaniweka mbele yake, akaniambia nimtazame, akashika rula. Akapima mara mbili. Akasema lenzi zimesagwa vizuri sana, ni kazi ya mtu hodari, ila aliyepima amekosea: macho yangu yamekaribiana kuliko hivyo.

Kwa hiyo hatukufanana macho, shemeji. Miaka yote hiyo, na watu wote waliosema. Angenitazama dakika moja angeona.

Fundi alisema kurekebisha ni kazi ya asubuhi moja, nimwachie. Nilimwambia aiache hivyo hivyo.

Shemeji yako,
Kitinda